Bi Kikohozi Akataa Kufa

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, Bi Kikohozi hujisalimu kwenye kioo: "Umeamkaje, mrembo?" Kisha hujijibu mwenyewe, maana mume alishatangulia mbele ya haki na wajukuu hulala kama magogo.

Jina hilo alipewa na mtaa. Katika kila filamu aliyoigiza alikuwa bibi mgonjwa: anakohoa, anausia, anakata roho. Watoto wakimwona sokoni humwuliza, "Bibi, umefufuka lini?" Naye huwajibu, "Jana jioni. Nimewafuata nyinyi watundu."

Lakini mambo yalikuwa yakibadilika. Kwenye simu ya mjukuu wake alishaona filamu za bibi dereva wa lori, bibi mpelelezi, bibi anayemfukuza kazi meneja. Basi alipoletewa nafasi ya mjane fundi cherehani anayeposwa na jirani yake, aliikubali kabla chai haijapoa. Wiki nzima mjukuu alimsomea maneno ya mchumba kwa sauti nzito, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Siku ya kurekodi, mpambaji alianza kumchora makunyanzi.

"Kwani haya yangu hayatoshi?"

"Ndivyo nilivyoagizwa, mama."

Mkongojo ukaletwa, na shuka la mgonjwa. Hapo akanusa jambo. Akamwita mwongozaji, kijana wa rika la kitinda mimba wake.

"Mwanangu, mchumba wangu yuko wapi?"

"Tumebadilisha kidogo, mama. Sasa anamposa binti yako. Wewe unawabariki, unakohoa kidogo..."

"Halafu nakufa."

"Kwa heshima kabisa! Watazamaji hawapendi kuona bibi akiposwa."

"Uliwauliza lini? Mimi niliposwa mwaka jana, tena bila kamera."

Wapiga picha wakaangua kicheko.

"Ukamjibuje?" mpambaji akadakia.

"Nikamwambia kwanza akanyoe. Ng'ombe hazeeki maini, binti yangu."

Mwongozaji hakucheka. "Mama, ni hivyo au basi. Wa kukohoa wako wengi."

"Basi mchukue mmojawapo, mwanangu. Mimi nimepona."

Akafuta makunyanzi ya rangi, yakabaki ya kwake. Shuka la mgonjwa akalikunja vizuri, akaliacha kitini pamoja na mkongojo.

"Mwacheni, atarudi," mwongozaji aliwaambia wenzake. "Aende wapi?"

Aliyasikia akiwa mlangoni. Akawapisha mafundi waliobeba taa, akavuka barabara kwa mwendo wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha, akakata kona. Chakula cha mchana kikaliwa, taa zikazimwa. Hakurudi.