Tarumbeta za Watu Mia Tatu

Saa mbili asubuhi, Jumapili ya Pasaka, Eutimio Barcenilla, fundi wa kinanda cha kanisa, amelala kifudifudi juu ya ubao, mita tano kutoka sakafuni. Anagonga waya mwembamba unaorekebisha sauti, kwa kichuma kisichozidi kalamu. Mbele yake tarumbeta tisini za kinanda, yaani filimbi zake zenye mlio wa tarumbeta, zimetokeza kanisani kama mitutu ya bunduki. Chini, watu mia tatu wamekaa na makoti yao, wameombwa wanyamaze.

"Shika noti ya sol ya juu, Mama Onésima," anaita.

"Nimeishika tangu Kwaresima," anajibu mpiga kinanda, mfamasia mstaafu. "Kidole kimeota mizizi."

Watu wanacheka. Fundi anangoja kicheko kiishe, kisha anagonga tena.

Kila Pasaka hapa Valdecuervo, kijiji cha Hispania, misa ikiisha, kinanda hupiga vita. Utasikia farasi, ngoma, mizinga, majeshi mawili yakijibizana mpaka Mauti yashindwe. Tarumbeta ndizo askari wenyewe.

Mwaka jana askari waligombana na jeshi lao. Eutimio, mwenye miaka 62 na 34 kati yake kazini, alizirekebisha sauti siku ya Alhamisi, kanisa tupu, baridi ya nyuzi nane. Jumapili wana wa kijiji wakarudi kutoka Valladolid na Bilbao, pumzi zao zikapandisha joto hadi nyuzi kumi na saba. Filimbi nyingine za kinanda hupanda sauti zikipata joto. Tarumbeta hubaki karibu pale pale zilipoachwa.

"Vilikuwa vita vya paka," anasema Herminio, mfuga kondoo.

Eutimio hajitetei. "Kosa ni langu. Joto nalijua. Nilichosahau ni kwamba zamani hata Alhamisi palijaa watu."

Siku hizi kijiji kina wakazi arobaini na saba.

Baraza la parokia likatoa neno: zikikosana tena mwaka huu, tarumbeta zitafungwa, na vita vitatoka kwenye spika. Ndipo fundi akaomba watu waje saa nzima kabla ya misa, wakae tu, wapashe kanisa joto.

"Nilimwambia nitamletea kondoo mia mbili Alhamisi," anasema Herminio. "Wana joto kuliko watu wa Bilbao, na hawana simu."

Simu inalia papo hapo. Vichwa vinageuka.

"Ni mama," mwenye simu ananong'ona. "Anauliza kama tumeanza."

"Mwambie aje!" fundi anafoka kutoka juu. "Anatupunguzia joto huko nyumbani!"

Kengele ya misa inamkuta amebakiza tarumbeta moja, ya mwisho kushoto. Anashuka, anakaa benchi la nyuma, mikono mapajani.

Misa inaisha. Vita vinapoanza, haangalii juu. Tarumbeta zinaingia zote kwa pamoja, zimeshikana na filimbi kama chanda na pete. Ile moja tu inakwaruza. Mwenyekiti wa baraza, aliyekaa mbele yake, anageuka.

"Haya, fundi. Hazifungwi."

Alasiri magari yanaondoka moja moja. Mama Onésima anafunika kinanda.

"Baridi ikirudi zitakosana tena. Utazishusha sauti, mwanangu?"

Eutimio anakunja kamba ya ubao wake. Mwakani, anasema, atawaomba waje tangu Jumamosi, amalize zote tisini.

"Sizishushi. Naziacha kwenye sauti ya watu mia tatu," anasema. "Wakija pungufu, zitawasema."