Kumi, na Mmoja Aliyebaki

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, sebuleni kwetu mtaani Mbotela. Najua saa kwa sababu mjomba alitazama simu yake akasema wasifu wa Shosho lazima upelekwe kuchapishwa kesho yake, maana mazishi yalikuwa Jumanne. Kisha akanipa kalamu. Mambo ya kuandika nyumbani huniangukia mimi. Mwandiko wangu ni mzuri, na anti husema afadhali nipewe kazi ya mkono, ya mdomo siiwezi.

Shosho ndiye aliyemzaa mama. Maisha yake yote hakukubali watoto wake wahesabiwe. Ukimuuliza anao wangapi alijibu "kenda muiyuru", yaani, kwa Kikuyu, tisa iliyojaa, njia ya kukwepa kutaja kumi, na maongezi yakaishia hapo. Aliamini kwamba kumhesabu mtoto ni kukionyesha kifo mahali alipo. Sasa hayupo, na mjomba, kifungua mimba wake, akaniambia niandike kwa Kiingereza kwamba alijaliwa watoto ten.

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Tulikuwa eleven," akasema.

Mama alizaliwa pacha. Mwenzake, msichana pia, aliishi nusu siku tu, akafa kabla ya kupewa jina. Nilikuwa nikiijua habari hiyo juujuu, kwa sababu nyumbani haizungumzwi. Mama hakuomba kikubwa. Alitaka pacha wake atajwe kanisani mara moja, siku ya kumzika mama yao, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu angemkumbuka tena.

Mjomba alisema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba mtoto asiye na jina haandikwi. Watu watauliza huyu ni nani, tuwajibu nini?

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametueleza neno eleven lilikotoka. Alisema zamani lilikuwa maneno mawili: moja, na kubaki. Watu walihesabu vidole vya mikono yote miwili, vikaisha, na bado kuna kitu kimoja cha kuhesabu. Twelve ni vivyo hivyo, viwili vilivyobaki. Ni kuanzia thirteen ndipo kumi inasikika tena ndani ya neno. Aliniambia nisimame nirudie. Nilisimama, na hakuna kilichotoka. Msichana wa nyuma akasema, "Madam, huyu bundles zimeisha," kana kwamba mimi ni simu iliyoishiwa data, na darasa zima likacheka. Nilikaa nikiwa na machozi.

Kwa hivyo sijui sauti ilitoka wapi Jumamosi ile. Nikiwa nimeinamia karatasi, niliwaambia kwamba eleven maana yake ni kumi wamekwisha na mmoja amebaki. Mjomba akatabasamu, akasema kumbe tunasomesha profesa. Mama hakutabasamu.

"Aliyebaki ni mimi," akasema. "Miaka hii yote."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye mchele, lakini hauchambui.

Anti, aliyekuwa ameketi nasi, ndiye anayemfuata mama kuzaliwa. Kwetu majina ya wasichana huenda kwa zamu: wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Mama alichukua la kwanza. La pili lilikuwa la pacha wake, na kwa vile hakufika kulichukua, lilingoja mpaka anti akazaliwa.

"Kaka, usiseme hana jina," anti akamwambia mjomba. "Jina lake ndilo hili ninaloitwa mimi. Mwandikeni nalo, halafu mimi nifuate chini yake."

Mjomba akasema basi, idadi tuiache kabisa, hata Shosho angetukemea. Kila mmoja apewe mstari wake, kwa jinsi walivyozaliwa. Nikaandika. Nilipofika kwa pacha, mama aliacha sinia akaja kusimama nyuma yangu, akanitazama nikiandika herufi moja moja.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda peke yangu kwenye kibanda cha kuchapisha karibu na soko la Burma. Mwanamke mwenye kompyuta aliandika haraka, kisha akasita, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa umerudia jina. Nitoe moja?"

"Sijarudia," nikamwambia, kwa sauti aliyoisikia. "Ni watu wawili."

Nikakaa hapo kwenye benchi mpaka nakala ya mwisho ikatoka.