Sala ya Alfajiri na Leseni ya Baba

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kusema nusu ya ukweli kwa ufasaha. Kila alfajiri, katika nyumba yetu ya serikali kule ughaibuni, mtaa wa Macquarie Fields, sauti ya baba ilitangulia harufu ya chai ya tangawizi. Alisali kama wanavyosali watu wa kanisa letu la Wakongo: akizunguka sebuleni, akipiga makofi, akiwateketeza kwa moto maadui wasio na majina. Kisha alioga, akavaa sare, akaenda kusindikiza magari ya fedha akiwa na bastola kiunoni. Bastola ililala kazini. Nyumbani alirudi na leseni yake ya silaha tu, na aliionea fahari. Kule Kivu wenye bunduki walimfukuza kwake. Hapa nchi ilimwamini kushika moja.

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa kufuta jibu na kuliandika upya hadi daftari linatoboka. Siku moja mshauri wa shule aliniuliza kwa nini nasinzia darasani. Nikamjibu, kwa Kiingereza nilichojivunia, kwamba baba huamka gizani akipaza sauti kuwa atawaua maadui zake. Akauliza kama baba ana silaha. Nikasema ndiyo, ya kazini. Hakuuliza kama ile ni sala, nami sikuongeza, maana nilidhani jibu bora ni lile lisilozidi swali. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa; wangu ulikiponza kichwa cha baba.

Mshauri alipiga simu, na jioni hiyo walikuja polisi wawili, wapole, wakavua kofia mlangoni. Walichukua leseni kwa kuhofia akili yake. Baba akauliza ni daktari gani aliyempima. Hakuna, wakasema, hilo litafuata. Walipoondoka mama alicheka kwa uchungu. "Basi waje Jumapili wakamate kanisa lote. Sote tunaua huko." Baba hakucheka. Siwalaumu polisi kwa kuwahi. Yeyote aliyesikia nilivyosema angewahi. Ninachokilaumu ni miezi iliyofuata, baba akiitwa mgonjwa na watu wasiowahi kumtazama usoni, akingoja kusikilizwa huku kampuni ikimpa mwingine nafasi yake.

Hatimaye daktari wa hospitali ya Westmead alimpima, akamkuta mzima, na baraza la rufaa, alikopinga uamuzi wa polisi, likamwita. Niliomba nipelekwe nikaeleze kuhusu sala. Baba alikataa; mtoto wake hatasimama mbele ya wazungu kutetea akili ya mzazi wake. Kisha akasema polepole, macho yake dirishani, "Wao hawanijui. Wewe unanisikia kila siku. Ulishindwaje kuwaambia kwamba naongea na Mungu?" Usiku huo niliandika jibu daftarini, nikalifuta, nikaliandika upya hadi karatasi ikatoboka.

Sasa mimi ni mtu mzima. Sheria ya leseni za silaha nimejisomea mwenyewe, kwenye simu, ndani ya treni, na bado naisoma kama mtu anayetafuta ukurasa utakaomsamehe. Naelewa kwamba silaha inaweza kuchukuliwa haraka, lakini mwenye nayo lazima aambiwe sababu na apewe nafasi ya kujibu mapema, si baada ya maisha yake kupangwa upya. Baraza lilimrudishia leseni; kazi haikurudi. Baba anaendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Zamani alinisimulia vita, na ndugu aliowazika. Siku hizi huniuliza kama nimekula, kisha tunazungumzia mpira na foleni za barabarani. Yanayomuumiza haniambii tena.