Ndevu Zilizoita Matanga

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nilisimama nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, na kipande cha mti mkononi. Mbele yangu alikuwa mbuzi, anatafuna bila haraka na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Kile kipande cha mti kilikuwa mpini wa burashi ya ndevu ya baba mkwe wangu. Manyoya yake yalikuwa tayari tumboni mwa mbuzi.

Unacheka? Cheka tu. Siku hiyo mimi sikucheka.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, nimetoka kwetu Mahagi. Mume wangu, Bahati, alifanya kazi kwenye lori la kupanda na kushuka barabara ya Mahagi, leo yupo, kesho hayupo. Nyumbani nilibaki na baba yake, ambaye mkewe alikuwa amefariki zamani kidogo. Mtaa wote ulimwita Muzee Karani, kwa sababu aliandika vitabu vya bohari tangu ujana mpaka alipopumzishwa. Kwa malezi yetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Nilimsalimu kwa magoti, macho chini. Kwa hiyo mzee yule nilimjua kwa viatu vyake, kwa sauti yake, na kwa kunyoa kwake.

Ah, kunyoa kwake! Kila asubuhi nilimpelekea maji ya moto. Aliloweka burashi, akaikung'uta mara mbili, kisha akaizungusha juu ya sabuni ndani ya kikombe cha bati mpaka povu likasimama lenyewe. Alijipaka mashavu na shingo polepole, akangoja ndevu zilainike, ndipo wembe uanze kushuka. Mtu anayenyoa ndevu kavu, alisema, anajinyonyoa kama kuku. Wenyewe husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Muzee Karani hakungoja mwenzake, yeye alitia maji kila siku iliyokucha.

Mtaa ulikuwa umemwona na ndevu mara moja tu, alipofiwa na mkewe. Mwanamume mwenye msiba hagusi wembe mpaka matanga yaishe, na watu hawakuzisahau ndevu zile. Na burashi yenyewe ilinunuliwa na huyo marehemu. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Arua, upande wa Uganda, kuuza maharagwe, akarudi nayo kama zawadi ya mumewe kupata kazi. Huko Bunia usingepata nyingine kama hiyo. Sasa unaelewa kwa nini sikucheka mbele ya mbuzi.

Kazi yangu ilikuwa kuisuuza na kuiweka dirishani ikauke. Siku hiyo mvua ilianza ghafla, nikakimbilia muhogo niliouanika, burashi nikaiacha juu ya kinu. Hilo lilikuwa kosa dogo, hata weye ungelifanya. Jioni Bahati alikuwepo nyumbani, ningeweza kumwambia, nikashindwa. Mpini niliuficha ndani ya chungu, chini ya unga. Alfajiri akapanda lori akaenda zake.

Asubuhi Muzee aliuliza, "Burashi yangu iko wapi?"

"Sijue, baba."

Alitafuta dirishani, akatafuta chini ya kitanda. Nilimsikia akihema kwa kuinama. Mwishowe akasema, "Ni Bahati njo alibeba? Alikuwa anaitamani sana."

Nami, mwanangu, nilitikisa kichwa kukubali. Nilimtwika mume wangu mzigo wangu mwenyewe, naye yuko njiani hana habari. Nilikuwa nimemwona binamu yangu akirudishwa kwao na sanduku kichwani kwa kosa ambalo hata leo sikumbuki lilikuwa nini. Sikutaka mama yangu alione sanduku langu likipita njia ile.

"Basi, nitangojea burashi yangu," Muzee akasema. "Siwezi kujinyonyoa sawa kuku."

Bahati alikuwa ameahidi siku nne. Mvua ikaharibu barabara, zikapita siku nne, zikapita nane. Ndevu za Muzee zikaota, nyeupe. Kila jioni aliweka kiti chake penye lango, akatazama njia ya Mahagi, akiingojea burashi. Majirani wakipita waliteremsha sauti. Mmoja alituletea ndizi bila sababu, nami kwa ujinga wangu nikashukuru nikazipika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenyewe anapoitembea huiona ndefu sana. Sikulala vizuri hata siku moja.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kuteka maji. Nikirudi, nikasikia vilio. Nikajiuliza ni kwa nani. Nilipokaribia nikaona ni kwetu. Wanawake walikuwa wanaingia na mikeka na kuni kichwani, na mbele yao Mama Ngabu, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi. Alinikumbatia na beseni lake la unga.

"Pole, mutoto yangu. Barabara ilikula bwana yako."

Ndoo ilianguka. Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka tu maji ya baridi miguuni, na kwamba niliita jina la Bahati, na kwamba jina lilikuwa zito mdomoni.

Muzee alitoka nyumbani kwa vile vilio. Mtu akamwambia, "Pole, Muzee, juu ya Bahati." Akaketi chini kwenye matope, mikono kichwani. Nikasahau desturi, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Mdomo ulitetemeka ndani ya zile ndevu nyeupe.

Nikamshika Mama Ngabu mkono. "Nani alileta habari?"

"Si ni Muzee? Hauone ile ndevu? Kijana harudie, na baba ameacha wembe. Siye tulielewa."

Mwanangu, hapo ndipo damu ilinirudia na kunikimbia kwa wakati mmoja. Watu walidhani Muzee anajua, naye Muzee alidhani watu wanajua. Katika ua mzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua ndevu zile zimetoka wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimekuja na mikeka na kuni. Niliona sanduku langu, nikaona njia ya Mahagi. Kisha nikamwona yule mzee kwenye matope, nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, hakuna habari ya Bahati. Batu banalia juu ya ndevu yako tu. Na burashi, Bahati hakubeba. Ni mbuzi alikula. Ni miye nilificha."

Nikakimbia jikoni, nikachovya mkono katika unga, nikamletea mpini. Aliushika, akaugeuza huku na huku.

"Unasema mutoto yangu iko muzima?"

"Sijue, baba. Lakini hapa hakuna mutu anajua kama alikufa."

Mama Ngabu akakaa juu ya kuni zake. "Kumbe nililia mbuzi?" akasema, na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka.

Lakini hawakuondoka. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, heri tungoje tumwone kijana kwa macho. Hofu ile ilikaa nasi mpaka kesho yake mchana, honi ya lori iliposikika. Bahati aliteremka, matope mpaka masikioni, akaona ua umejaa mikeka.

"Nani alikufa?"

"Weye!" watu wakajibu.

Nimezaa watoto saba, nimepita mengi, lakini sijavuta tena pumzi kama niliyoivuta siku hiyo. Nilicheka nikilia, nikamshika shati mbele za watu bila haya.

Muzee akaagiza maji ya moto. Watu wakaielewa maana yake. Alitengeneza povu kwa kitambaa, akajipaka vile alivyoweza, akaniita. "Weye, kuja ushike kioo." Nilishika. Aliponyoa shavu la kwanza, akasema kwa sauti ya chini, mimi na Bahati tu tulisikia:

"Mbuzi alikula manyoya. Weye ulikula mutoto yangu, usiku muzima." Akasuuza wembe. "Siku ingine useme palepale. Nitakasirika, kisha nitanyoa."

Akajifuta uso, akageukia watu. "Matanga imekwisha. Mbuzi ichinjwe, batu bakule." Na manyoya yake akamwambia Bahati ayafunge kwenye mpini ule ule. "Ilikula burashi, na yenyewe ikuwe burashi." Burashi hiyo ilimwachia manyoya mashavuni miezi mingi, naye hakuiacha. Katika miaka ya themanini, mikono yake ilipoanza kutetemeka, aliniambia niweke desturi kando, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka povu na kumnyoa mpaka mwisho wake. Alinipa shingo yake bila wasiwasi, kwa sababu tangu siku ile kila nilichovunja nilimwambia siku hiyo hiyo.

Basi shika hili, mwanangu. Ukivunja, sema kabla hujaulizwa. Hasira ya mwenzako itapoa kama maji ya kunyolea, bali uongo wako utaota kila siku usoni pa mtu mwingine, na mtaa utausoma uonavyo. Usimtwike asiyekuwepo. Na ukisikia kilio, uliza habari imeletwa na nani kabla hujajitwisha kuni.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri na watu wepesi wa kusamehe. Kila unayemngoja njiani afike mzima, hata kama ni na matope masikioni, akukute umelala usingizi wa mtu asiyeficha kitu chini ya unga.