Kunguru wa Dirisha la Ngendo

Mwaka wa 1967 Ngendo alikuwa mpishi wa kambi ya watengeneza barabara karibu na Naro Moru. Bintiye, Wanja, alikuwa ameolewa Gatitu, naye akabaki peke yake. Wanaume walilala kwenye mahema, yeye akapewa karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu kilichoachwa na mzungu mmoja alipouza shamba akarudi kwao. Kilikuwa na kitanda, na dirisha kubwa la kioo upande wa kichwani.

Kando ya karavani ulisimama mti wa mtarakwa mkavu, na huko juu kunguru wawili wenye shingo nyeupe walikuwa wamejenga kiota. Mwanzoni Ngendo aliwaona wasumbufu tu. Walimwibia nyama, wakachafua paa, wakadondosha vijiti na vipande vya waya mpaka ndani ya sufuria. Akawatupia mawe, akawatukana kwa Kikuyu, akaendelea na kazi.

Kisha asubuhi moja, kukipambazuka na ukungu bado umefunika kambi, akasikia kioo kikigongwa. Ko! Ko! Ko!

Alijikuta sakafuni kabla hajajua kwamba ameamka, mikono kichwani, uso kwenye mbao. Hodi ya namna hiyo ndiyo iliyomchukua mumewe, Gatimu, wakati wa Hali ya Hatari. Homugadi, wale askari wa kienyeji wa serikali ya kikoloni, waligonga alfajiri, Gatimu akaenda kufungua akiwa ameshika shati, na shati hilo ndilo lililobaki mlangoni. Hakurudi tena, wala Ngendo hakuambiwa alizikwa wapi. Sasa Uhuru ulikuwa umekuja na homugadi hawakuwako. Aliyajua hayo yote akiwa amelala pale chini, na bado hakuthubutu kuinua kichwa.

Sauti ilipokoma alitoka. Hakukuwa na nyayo hata moja kwenye matope. Hilo lilimtisha zaidi.

Kesho yake kioo kikagongwa tena, na keshokutwa. Akaanza kulala na panga kitandani. Uji ukawa unaungua. Peterson, msimamizi wa kambi, akamuuliza, "Mama, kwani uko mgonjwa?"

"Ni baridi tu," alijibu. Angesema nini? Kwamba anabishiwa hodi na mtu asiyekanyaga chini? Wangesema ameshikwa na wazimu, wamtafute mpishi mwingine.

Maziwa ya kambi yaliletwa kwa punda na Kaltun, mama Msomali wa upande wa Nanyuki. Kwa kawaida alifika jua limeshatoka, lakini siku moja alikuwa na safari, akaja mapema. Ngendo alikuwa ameshajibanza chini ya kitanda, kioo kinagongwa, aliposikia, "Mama Wanja! Mama Wanja, fungua!"

Leo kitu hicho kilikuwa na sauti, na kilijua jina lake.

"Nani?"

"Kaltun! Kaltun ya maziwa! Toka uone huyu mshenzi anataka kuvunja dirisha yako!"

Ilimchukua muda kusimama. Alifungua mlango kidogo, panga likatangulia, na Kaltun akaruka nyuma.

"Ai! Mimi nimeleta maziwa, nimekosa nini?" Kisha akanyoosha kidole.

Kunguru alikuwa amesimama ukingoni mwa dirisha. Alitutumua manyoya, akagonga kioo, akarudi nyuma, akamtandazia mabawa kunguru aliyemwona mle ndani.

"Anapigana na yeye mwenyewe," Kaltun akasema huku akicheka. "Anafikiri mwingine amekuja kunyang'anya yeye nyumba. Iko na watoto huko juu."

Ngendo hakucheka. Aliketi kwenye ngazi akatetemeka kuliko siku zote. Kaltun alipomwona hivyo akamtoa panga mkononi taratibu, akakaa kando yake. Hapo ndipo Ngendo alipomsimulia habari za Gatimu, ambazo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kambini. Kaltun alisikiliza mpaka mwisho, akamimina maziwa kwenye kifuniko, akampa anywe. Safari yake ikangoja.

Peterson alipopata habari alitaka kiota kichomwe. Ngatia, dereva wa trekta, akafunga kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kwenye ufito mrefu. Aliyeshika kiberiti ni Ngendo mwenyewe, na kusema kweli aliutaka moto ule kuliko wote. Lakini alipoinua macho akauona mtarakwa ulivyokauka, na mahema yote chini yake.

"Ukiwasha hii, leo tutalala wapi?" akauliza, akakitia kiberiti mfukoni.

Basi Ngatia akaivuta karavani kwa trekta mpaka mbali na mti, na Ngendo akapaka dirisha chokaa ile ya kuwekea barabara alama. Asubuhi kunguru akaja, akatazama kioo cheupe, asimwone adui yeyote, akaruka zake.

Hodi iliisha. Hofu haikuisha siku ile. Kwa muda mrefu Ngendo aliendelea kuamka saa ile ile na kusikiliza. Kambi ilipohamia Nanyuki, Kaltun alikuwa karibu, akaleta maziwa kila siku. Hakugonga mlango hata mara moja. Alisimama mbali na punda wake, akaimba jina lake mwenyewe, Kaltun, kwa sauti, mpaka Ngendo afungue.