Ndume Aliyetangulia Kortini

Asubuhi ile korti ya Migori ilikuwa iamue kama mjukuu wangu ana kesi ya kujibu ama arudi nyumbani. Nilikuwa nimemletea shati safi. Nilijua anatoka.

Niwaeleze jambo hili, kwa maana hata mimi nilielezwa. Upande wa mashtaka ukimaliza kuleta mashahidi, hakimu hamfungi mtu na hamwachilii hivi hivi. Anajiuliza kwanza: huyu akinyamaza tu, asiseme neno, haya niliyosikia yanatosha kumtia hatiani? Yasipotosha, anamwachilia papo hapo. Yakitosha, anamwambia ajitetee. Wakili wetu, kijana aliyetafutwa na kanisa, alinieleza hivyo nje ya korti, na mimi nikamwambia, "Basi leo tunalala nyumbani."

Kwani walikuwa wamesema nini? Mjukuu wangu alikuwa akichimba dhahabu Macalder. Jioni moja wachimbaji waligombana kwenye mdomo wa shimo, mmoja akapigwa kichwani na mpini wa sururu. Hakufa, lakini jicho moja halioni tena. Mjukuu wangu alikuwa amekosana na mtu huyo asubuhi ya siku hiyo juu ya mchanga wa dhahabu, ndiyo maana akashikwa. Tangu hapo ni rumande.

Aliyeumia alisema alipigwa kutoka nyuma, hakuona mkono wa nani. Mama muuza chai aliona watu wakikimbia, basi. Mchimbaji mwenzao akasema, "Mheshimiwa, vumbi ilikuwa mingi, hata bibi yangu singemjua." Watu wakacheka. "Na yeye hakukujua wewe, ndio maana akakubali umuoe," mtu wa nyuma akanong'ona, karani akatutolea macho. Hata mimi nilicheka.

Kisha akaja kaka wa aliyeumia. Huyo hakuwa Macalder kabisa siku ile. Alisema tu, "Boma lao lilituletea ndume. Mtu hulipa kitu ambacho hakufanya?"

Hakuna aliyecheka tena.

Ndume huyo alipelekwa na shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa boma letu kule Lambwe. Kwetu kijana akisemekana amemwaga damu ya watu, boma halikai kungoja. Ng'ombe anatangulia, maswali yanafuata, ili wenye kuumia wasije na mapanga. Sisi wote tunalijua hilo. Hakimu si wa kwetu, naye alikuwa anaandika.

Kwa hiyo siku ya uamuzi alisoma maneno machache tu. Mkalimani akageuza kwa Dholuo, lugha yetu: mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Anaweza kuapa na kujitetea, na hapo ataulizwa maswali, anaweza kusema bila kuapa, anaweza kunyamaza. Siku atakayorudi aseme amechagua lipi.

Mjukuu wangu aligeuka akiwa anatolewa. "Dani, usilie hapa."

"Nani analia?" nilimwambia. Dani ni nyanya. Shati nilirudi nalo.

Wakili akaniambia kwamba bila ndume yule tungekuwa tumemaliza. Sasa aliyempeleka aje mwenyewe aeleze kwamba ilikuwa amani, haikuwa kukubali kosa. Nikaona hilo ni jambo rahisi. Nikaenda Lambwe.

Shemeji alikuwa anakaza waya wa ua wa mbuzi.

"Jaduong'," nilimwita, kama tunavyomwita mzee, "unatakiwa Migori. Useme ndume alikuwa wa amani."

"Alikuwa wa amani."

"Basi sema hivyo hivyo."

"Na wakiniuliza?"

"Wakuulize nini?"

"Kama nilidhani ni yeye."

Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Ulidhani ni yeye?"

"Shemeji, yule kijana ana hasira. Wewe umemlea, unajua. Habari ilinifikia, na miguu yangu ikaenda zizini yenyewe. Sasa nishike Biblia niseme nini?"

"Hukumuuliza hata yeye?"

"Ukianza kuuliza, mapanga yamefika. Na nyinyi mlinishukuru wote. Wewe ulinipikia kuku."

Ni kweli nilipika kuku. Mzee huyu nimemjua tangu nilipoolewa, na sijawahi kumsikia akidanganya hata kwa bei ya mbuzi. Nikamwambia wakili asimwite. Shahidi wa namna hiyo angemfunga mtoto wetu kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya kujitetea nilipata nafasi ya kusema na mjukuu wangu kidogo, askari akiwa amesimama kando. Nikamwambia babu yake wa Lambwe haji.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Hataki kudanganya."

"Kumbe," alisema. Kisha akaniuliza, "Na wewe, Dani?"

Wengine watasema ningemwambia neno la kumpa nguvu. Kuna siku na mimi nasema hivyo. Lakini hakuniuliza ili nimbembeleze. "Mimi sikuwa Macalder," nilimjibu. Akatikisa kichwa, akaingia.

Alichagua kuapa. Alisema alikimbia kama wengine, kwamba mpini haukuwa wake, kwamba ugomvi wa asubuhi uliisha asubuhi. Alisema vizuri. Halafu kiongozi wa mashtaka akasimama. "Babu yako ni mtu mzima mwenye akili timamu. Alitoa ndume mzima bure?"

Mjukuu wangu alinyamaza mpaka mkalimani akadhani hakusikia, akarudia.

"Nimesikia," alisema. "Babu alidhani ni mimi."

"Kwa nini adhani hivyo?"

"Hapo sijui. Hakuniuliza."

Hakimu aliinua macho, akamtazama muda, akaandika. Tulipotoka nilimuuliza wakili kama jibu lile ni zuri ama ni baya. Alivua miwani akaifuta. "Mama, sijui," alisema. Hukumu ikapangiwa mwezi ujao.

Jioni nilipofika Lambwe shemeji alikuwa amekaa kwenye mlango wake. Hakunisalimia.

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema hukumuuliza."

Mbuzi walikuwa bado nje na hakuna aliyeinuka kuwaingiza.

"Sikumuuliza," alisema.

Niliwaingiza mimi. Tangu hapo tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, na hukumu bado.