Tangazo la Kijiji Nililoliruka

Kuna jambo nililofanya hapa Pearland, Texas, ambalo sijawahi kulisimulia kanisani, ingawa kanisani kwetu tunasimulia hata yasiyotuhusu. Ni aibu yangu mwenyewe, na nimechoka kukaa nayo.

Nilikuwa nesi wa nyumbani wa mama mmoja mzee aliyezaliwa Austria, katika kijiji cha milimani. Aliolewa na Mmarekani akiwa msichana, akaja naye Texas, mumewe akafariki, na mtoto wake wa pekee akahamia Dallas. Akili yake ilikuwa kali kuliko yangu. Kilichomwangusha ni macho: katikati haoni kitu, pembeni anaona kidogo. Kwa hiyo kila asubuhi, akishameza dawa, nilimsomea tovuti ya kwao. Simu ilitafsiri Kijerumani kwa Kiingereza, nami nikasoma kwa sauti.

Hicho kijiji nakijua kuliko mtaa ninaokaa, haki ya Mungu. Kina halmashauri yake, lakini ndogo ajabu: wakazi wote wangeingia katika kanisa letu la Wakenya na viti vingebaki. Meya ni mkulima, na saa za kuonana naye ni Jumatano jioni, akishamaliza kukamua. Zimamoto ni watu wa kujitolea, na ndio hao hao wanaopiga tarumbeta kwenye bendi. Shule ina madarasa mawili. Basi hupita mara mbili kwa siku, na Jumapili halipiti kabisa. Baridi ikikaribia, ng'ombe hushushwa kutoka malisho ya juu wakiwa wamevikwa maua kichwani, na barabara inafungwa kwa ajili yao.

Mimi ni mtu wa Kinangop, kule Kenya, nimekulia kwenye umande na ng'ombe wa maziwa. Niliposoma habari ya maua nilicheka mpaka nikakaa chini. "Kwetu ng'ombe akifunga barabara anatukanwa," nikamwambia, naye akacheka hadi akakohoa. Hata ratiba ya kuzoa takataka alitaka niisome. "Soma yote," alikuwa akisema. "Usinichagulie."

Shamba la kwao alibaki nalo kaka yake. Walikuwa hawajasemezana tangu mama yao alipofariki, kwa sababu yeye, dada mtu, hakwenda kumzika. Alikuwa ametoka kujifungua, daktari akamkataza kupanda ndege. Kaka akamwandikia kwamba asijisumbue kuandika tena. Naye, kwa hasira za ujana, hakujisumbua. Sasa alikuwa amepita miaka themanini, na alitaka kitu kimoja tu: kumwomba kaka yake msamaha wakiwa wote hai. Tuliiandika hiyo barua pamoja, kwa Kijerumani, yeye akinitajia herufi moja moja, mimi nikiandika kama mtoto wa chekechea. Kila mstari ukiisha, ananieleza maana yake. Siku ikiwa nzuri tulipata mistari minne.

Jumanne moja nilifungua ukurasa wa matangazo, nikaona orodha ya waliofariki. La kwanza lilikuwa jina la kaka yake, na chini yake jina la shamba lao. Alikuwa amefariki Jumapili. Mazishi Jumamosi, saa nane mchana. Sikusoma zaidi ya hapo.

"Leo kuna nini?" akauliza.

"Hakuna jipya, mama. Mtaa wa juu watakatiwa maji Ijumaa."

Habari ya maji ilikuwa kweli. Hilo ndilo nililojifariji nalo, jamani, kwamba angalau maji yalikuwa kweli.

Kwetu mtu hapigwi na msiba akiwa peke yake. Wanatafutwa watu kwanza, anakalishwa, ndipo anaambiwa. Baba yangu alipofariki, dada zangu hawakunipigia mimi. Walimpigia mchungaji wa hapa. Nilifungua mlango nikakuta watu kumi na wawili na sufuria za chakula, nikajua kabla hawajavua viatu. Walikuwa wamejua siku mbili nzima. Nilishukuru, na bado nashukuru. Kwa hiyo nilijiambia nitamfanyia mama huyu heshima ile ile.

Nikampigia mwanawe Dallas.

"Mama ako salama?" akauliza.

"Ako salama. Lakini ungekuja tu nyumbani."

Mkenya yeyote akiambiwa "ungekuja tu" anaanza kulia huku anatafuta funguo za gari. Huyu akasema wikendi hii ana kazi, atajaribu ile nyingine. Nikasema sawa. Sawa! Mdomo huu, unaojua kubishana na bima na madaktari, ulishindwa kutamka neno "mjomba" kwenye simu.

Mwenzangu wa zamu ya mchana, mama Mkongo kutoka Bukavu, nilimweleza wakati wa kukabidhiana. "Usimuambie peke yake," akasema. "Atajiangusha hapa. Ngoja mutoto wake afike." Basi tukakubaliana, sisi wawili, wataalamu wa msiba wa watu wengine.

Jumamosi saa moja asubuhi nilimpa uji wake, akataka tumalize barua. Akanitajia mstari wa mwisho, polepole, huku uso umeelekea dirishani. Maana yake ilikuwa hivi: Sikuja kumzika mama; ukinikubalia, nitakuja tukae kando ya kaburi lake, wewe na mimi. Nikaandika. Sikukosea hata herufi moja, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Akauliza posta itachukua siku ngapi. Nikasema kama kumi. Akaibusu bahasha, akanipa niitume, nikaenda nikaiweka garini.

Wiki nzima nyingine nikamsomea habari za theluji na mazoezi ya bendi, na kila nikifika kwenye ukurasa wa waliofariki, naupita. Kila asubuhi aliuliza kama barua itakuwa imeshafika.

Mwanawe alifika Jumamosi iliyofuata. Mimi nilikuwa nimejipanga: nimekuja na akina mama wawili wa kanisani, na kuku, na wali kwenye treya za foili. Nikamvuta mwanawe hadi gereji ya nyumba nikamwambia. Akawa mwekundu. "Kwa nini hukusema kwenye simu?" Lile jibu nililokuwa nalo lilikuwa la Kinangop, na tulikuwa tumesimama Texas.

Tukaingia. Akamshika mama yake mkono, akamwambia. Mama hakulia. Aligeuza kichwa upande, vile anavyofanya akitaka kuona, akawaangalia wale akina mama na treya zao.

"Hawa ni nani?"

"Wamekuja kukupa pole," nikasema.

"Amezikwa lini?"

"Jumamosi iliyopita. Saa nane mchana, ya kwao."

Akahesabu kwa vidole. "Saa moja asubuhi hapa," akasema. Kisha akamwambia mwanawe, "Padri wetu huweka kamera kanisani kwa ajili ya walio mbali. Fungua, unisomee lile tangazo."

Mwanawe akasoma. Jina, shamba, siku, saa, mpaka pale nilipoachia mimi. Halafu akaendelea. Mazishi yangeonyeshwa moja kwa moja kwenye tovuti. Na chini kabisa waliandikwa wafiwa: mke, watoto, wajukuu, na dada yake, aliye Amerika. Jina la mama lilikuwepo, kamili, pamoja na lile la kabla ya kuolewa. Kwao walikuwa wamemhesabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba desturi nilikuwa nimeifanya kisingizio. Watu wa kumkalisha ningewapata siku ile ile ya Jumanne. Wanaishi dakika kumi kutoka pale. Ukweli ni kwamba niliogopa kilio chake kwenye zamu yangu. Niliogopa kuwa mimi ndiye niliyesema.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mama."

"Ulipokuwa unaandika?"

"Ndiyo."

"Na barua iko wapi?"

"Iko kwenye gari langu."

Akina mama wa kanisani wanajua Kiingereza vizuri sana. Walikaa na treya zao mapajani, hakuna aliyejua pa kuangalia, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Kumzika mama nilikosa mwenyewe," akasema, bila hasira, kama anayeniripotia kipimo cha sukari. "Kumzika huyu umenikosesha wewe."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Jumatatu nilirudi, nikampima presha, nikampa dawa, akasema asante kama kawaida. Nikavuta kiti, nikatoa simu.

"Iweke tu," akasema. "Mwanangu atapiga jioni. Atanisomea yeye."